Mwaka Mbegu Zangu Zilipofungiwa kwa Chifu

Shangazi yangu wa Rusinga alikuwa na shamba dogo la sukuma wiki ukingoni mwa ziwa. Asubuhi moja tulifika tukakuta shamba halipo. Kulikuwa na udongo uliokanyagwa tu, na nyayo kubwa kama beseni, kila moja imejaa maji, na chura amekaa ndani ya moja kama mwenye nyumba. Kiboko alikuwa amekula kila kitu, hata viazi vitamu alivichimbua. Shangazi hakulia. Alijifunga leso, akavaa viatu vyake vya kanisa, akavuka kwenda Mbita kwa afisa wa wanyama, na mimi nyuma yake na meno yangu ya utoto yakiwa bado yanang'oka. Afisa akaandika kwa kitabu kikubwa, kisha akasema, "Mama, huyo ni mnyama wa serikali. Ukimgusa tutakufunga." Shangazi akauliza, "Na sukuma ilikuwa ya nani?" "Ilikuwa yako." "Basi serikali imekula sukuma yangu." Afisa akacheka mpaka akashika meza, akaagiza chai, tukanywa, tukarudi nyumbani na chai tumboni bila kitu kingine. Mpaka anakufa shangazi alijisifu kwamba Rusinga nzima ni yeye peke yake aliyekunywa chai ya kiboko.

Sijui kwa nini nimeanzia kwa kiboko. Nilikaa chini niandike habari za Mheshimiwa, na kalamu ikaenda ziwani yenyewe. Mniwie radhi, shule niliiacha darasa la tatu, na mtu wa darasa la tatu huandika vile anavyoongea, akikumbuka kuku anaacha ng'ombe. Lakini labda kalamu ina akili yake. Mwezi uliopita redio ya kwetu ilitangaza kwamba Mheshimiwa amelala, na nilienda mazishi yake kule ng'ambo ya mji wa Homa Bay, bomani kwa baba yake. Palikuwa na mahema, spika kubwa, na watu wa suti wakinyang'anyana kipaza sauti. Wakasema alileta barabara. Wakasema alijenga bweni la wasichana. Mmoja akasema Mheshimiwa alipenda mpira, jambo ambalo ni uongo, alikuwa hajui hata goli ni wapi. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake wa jikoni, sahani ya wali mapajani, nikingoja mtu ataje mbegu. Hakuna aliyetaja. Nilipoletewa chai ndipo nikamkumbuka shangazi, nikasema moyoni, hata mimi niliwahi kunywa chai ya serikali, ila yangu haikuwa maji matupu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeolewa Rongo. Mume wangu wakati huo alikuwa Osiri kwenye mashimo ya dhahabu, akirudi na vumbi kwa nywele na hadithi za watu wengine waliotajirika. Mimi nilikuwa nauza mbegu sokoni. Sikuwa na duka. Nilikaa kwa baraza ya Salim, mfanyabiashara wa leso na mashuka, mtu wa pwani aliyekuja Rongo kwa mwezi mmoja akazeekea hapo. Alinipa kivuli cha mlango wake, na mimi nikampa mtu wa kubishana naye. Mbele yangu nilipanga mikebe saba: mahindi ya njano ya kwetu tunayoyaita nyamula, mtama wa aina mbili, wimbi, kunde, njugu, na maharagwe madogo mekundu. Wanawake walikuwa wananijua kwa jina la kwetu nilikozaliwa, Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, na mpaka leo ukiuliza jina langu la ubatizo pale sokoni watu watakuangalia tu.

Mbegu ya kwetu ina desturi yake, na nisipoieleza hapa mtapotea huko mbele. Mwanamke akivuna, anachagua masikio mazuri, yaani mahindi yaliyojaa mpaka ncha, anayaning'iniza juu ya meko yapate moshi, mdudu asiingie. Lakini hakai nayo yote. Anampa jirani mkebe mmoja, na mwingine anampa mtu wa mbali kidogo, wa kilima kingine. Kwa sababu mwaka unaweza kuja ambao kayongo, lile gugu lenye ua zuri la zambarau, linakunyonya shamba lote mpaka unabaki na mabua. Mwaka huo unaenda kwa yule uliyempa, unachukua mbegu yako. Kwa hivyo ghala la mbegu si nyumba yako. Ghala ni watu. Nyamula yangu mimi ilitoka kwa mama mmoja mzee wa ng'ambo ya Homa Bay, aliyenipa mkebe mmoja siku nilipopita kwake nikiwa bibi harusi mpya. Alikuwa mke wa kwanza wa boma lake, mikayi kama tunavyosema, na kila mtu alimwita hivyo, Mikayi. Mtoto wake wa tatu alikuwa Mheshimiwa, mbunge.

Sasa Mheshimiwa, nimtendee haki, hakuwa mjinga. Mwaka uliotangulia walipita watu na pikipiki wakiuza mbegu kwa pakiti zinazong'aa. Watu wakanunua, wakapanda, mvua ikanyesha, na ardhi ikanyamaza. Mheshimiwa aliitisha baraza Rongo, akamwaga hizo mbegu kwa bakuli la maji mbele ya watu wote, akazisugua, na rangi ikatoka, maji yakawa mekundu kama ya kuosha nyama. "Haya ni mahindi ya kusaga," akasema. "Wamepaka rangi." Halafu akasema kuna sheria ya mbegu iliyolala kwa muda mrefu, na yeye ataiamsha, na ataenda bungeni aiongezee meno. Kila mbegu inayouzwa iwe na karatasi na muhuri. Isiyo na karatasi ni wizi, na mwizi aende ndani. Watu wakapiga makofi. Mimi pia. Nilipiga mpaka viganja vikawasha. Sikujua napigia makofi kufungwa kwa mikebe yangu.

Maafisa walikuja siku ya soko, wawili, mmoja ana ufunguo wa gari kidoleni na mwingine ana faili. Yule wa faili akauliza, "Karatasi ya hizi mbegu iko wapi?"

"Karatasi inatoka wapi?"

"Nairobi."

"Hii mbegu haijawahi kufika Nairobi."

"Hiyo ndiyo shida yake, mama."

Wakafunga mikebe yote saba kwa gunia, wakaipeleka kwa stoo ya chifu, wakaniambia nishukuru hawanipeleki mimi pamoja nayo. Nilikaa pale kwa baraza mbele ya alama saba za mviringo kwenye vumbi. Mvua ilikuwa imeshaanza kunukia. Mbegu ya mtu isipoingia udongoni msimu huo, na ya nyumbani kwangu yote ilikuwa humo humo mikebeni, hakuna ya mwaka ujao. Sikuwa nimepoteza biashara. Nilikuwa nimepoteza mbegu za wanawake wa vilima vinne walioniamini niwawekee.

Salim akaja akasimama na utepe wake wa kupimia shingoni. "Bibi Rusinga, hata leso ina maandishi. Ungeandika kitu kwa mkebe."

"Ningeandika nini?"

"Jina lako."

"Jina langu watu wanalijua."

"Wale wawili hawakulijua," akasema, akarudi ndani. Nilimchukia Salim siku hiyo kwa kusema ukweli mapema.

Baada ya wiki tatu hivi, mvua ikiwa imeshika, alifika Odongo na pikipiki. Odongo ni mdogo wake Mheshimiwa, mkulima, mtu wa kuongea polepole kama anayetoa miba. Mama yake amemtuma kuchukua mbegu. Misimu miwili kayongo imemaliza shamba la Mikayi na kibuyu chake cha mbegu kiko kitupu, sasa anataka mkebe wa nyamula urudi. Nikamwonyesha vumbi. Nikamweleza. Odongo akavua kofia.

"Kwa hivyo ndugu yangu amemfungia mama mbegu."

"Sisemi hivyo."

"Mimi ndiye ninasema. Na si hiyo tu, Nyar Rusinga. Huyo mtu ameshapanda."

"Nani ameshapanda?"

"Mheshimiwa. Wiki mbili zilizopita alikuja na trekta na watu wa picha na mbegu ya muhuri, akapanda shamba lake lote, awe mfano kwa wakulima. Mama hajaweka hata punje."

Nilicheka, kisha nikaziba mdomo. Kwa Wajaluo mke wa kwanza ndiye hutoa mbegu. Yeye akishaweka zake ardhini, hata kama ni mashimo matatu tu, ndipo watoto wake wanafuata kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kumruka mama ni kuita chira, ile laana inayomla mtu polepole kama mchwa. Na mama akirukwa, boma lote linasimama. Odongo na ndugu zake wote walikuwa wamekaa na majembe yamekauka, mvua inanyesha bure. Kibaya zaidi, habari ilikuwa imetembea, na wale waliogawiwa mbegu ya Mheshimiwa walikuwa wameiweka chini ya kitanda. Nani atapanda mbegu iliyoanza kwa kumruka mama? Mtu anatunga sheria ya Kenya nzima, ya boma lake inampita. Na hakuisahau kwa dharau. Alikuwa amekaa mjini muda mrefu tu, basi, na trekta lilikuwa la kuazima na lilikuwa linatakiwa lirudi.

Odongo akasema panda pikipiki, twende, umwambie mama mwenyewe. Nikapanda.

Nyumba ya Mikayi naikumbuka kuliko nyumba zangu mwenyewe. Sakafu ya udongo iliyosilibwa ikang'aa, meko ya mawe matatu, dari nyeusi kwa moshi, na pale juu kibuyu kinaning'inia kikiwa na mdomo wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda miguu ameinyoosha. Alitupa samaki mkavu wa kupasuliwa, aliyechemshwa na maziwa, na ugali wa mtama mweusi kama udongo wa pamba. Sijala tena chakula kama kile, na nimekula harusi nyingi. Nilikuwa namweleza habari ya mikebe, nusu nalia nusu natafuna, wakati mlango ulipoingia giza na Mheshimiwa akainama kuingia, viatu mkononi. Nilitaka kusimama. Mikayi akanishika goti.

"Kula. Hapa ndani hakuna mheshimiwa, kuna watoto."

Akakaa kwenye mkeka. Mwili mkubwa, shati jeupe, na hapo chini alionekana kama mtu anayengoja kunyolewa. "Mama," akasema, "nimekuletea mifuko mitatu ya mbegu safi. Ina muhuri. Panda leo, tumalize mambo haya."

"Muhuri unaota?"

"Mama."

"Nakuuliza, wuoda. Mtoto wangu. Mimi sijui mambo ya bunge. Hiyo mbegu imetoka kwa nani?"

"Kwa kampuni."

"Mamake ni nani? Ikikataa nitaenda kwa mlango gani? Mbegu yangu naijua. Iko kwa huyu, na wewe umeifunga kwa chifu."

Hapo ndipo aliponiangalia. "Wewe ndiye mwenye mikebe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ulijua ni makosa?"

"Nilijua uliposema kwa baraza. Nilikupigia makofi."

Odongo alikohoa samaki. Mheshimiwa akacheka, kicheko cha kushtuka, halafu akafanya jambo ambalo ndilo sababu ya maandishi haya yote. Alichukua birika la mama yake, akanimiminia chai kwa mkono wake, chai nzito ya maziwa yenye moshi, akanipa, akasema, "Haya. Sema mpaka umalize. Mimi nanyamaza." Na akanyamaza kweli. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimeona wakubwa wengi wakija kutuuliza maoni. Wanauliza, ukifungua mdomo wanajibu wenyewe. Huyu alikaa na mikono mapajani, na mimi, mwanamke wa darasa la tatu, niliongea mpaka chai ikapoa. Nikamweleza moshi, kayongo, jirani, kilima cha pili. Sikuwa najua kama mimi ni mtu wa kuweza kuongea namna ile. Nilijijua siku hiyo.

Nilipomaliza hakukubali mara moja, na hilo nalo namshukuru, kwa sababu mtu anayekukubali upesi hajakusikia. Alisema, "Na mimi nitajuaje wewe si kama yule aliyepaka rangi?"

"Unajua ninapokaa. Mbegu yangu ikikataa, wanawake watanikuta kwa baraza ya Salim asubuhi yake. Yule wa rangi hata alikolala hamkukujua."

"Sheria haiwezi kujua kila mtu anapokaa."

Mikayi akasema, "Basi itembee. Miguu si mnayo?"

Akatoa kijitabu mfukoni, akaandika muda mrefu. Kisha akamuuliza mama yake, kwa sauti ya chini kabisa, "Na ile niliyokwisha panda?"

"Unajua."

"Imeshaota, Mama. Imefika hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu.

"Nimeiona. Ni nzuri." Mikayi akazima moto kwa kusukuma kuni nyuma. "Ilale."

Kesho yake tulienda kwa chifu. Nilidhani mtu mkubwa akifika milango inafunguka yenyewe, kumbe yule afisa wa faili alikuwepo, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa faili. Akasema, "Mheshimiwa, siwezi kutoa. Ni amri yako wewe." Mheshimiwa alisimama kwa mlango wa stoo muda ambao nilihesabu ng'ombe kumi na wawili wakipita barabarani. Angeweza kupiga simu. Angeweza kufoka. Akaomba karatasi, akaandika kwamba amezitoa yeye, na kama kuna kosa ni lake, akatia sahihi. Halafu akaingia mwenyewe, akatoa mikebe saba, mmoja mmoja, akiipanga miguuni kwangu kama mtu anayerudisha vyombo vya arusi. Panya alikuwa ameingia kwenye kunde. Nyingine zote zilikuwa salama. Nilifungua mkebe wa nyamula nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, na nikakaa hivyo, wala sikujali nani anaona.

Jioni hiyo watu walijaa kwenye ua wa Mikayi kama wamekuja matanga. Odongo alifunga ng'ombe, na Mheshimiwa akashika plau mwenyewe. Shamba zima, kijani kibichi, mistari iliyonyooka kwa trekta, akaipindua. Mistari yake ilikwenda kama mlevi, na kiatu kimoja kilibaki kwenye matope mpaka leo. Wazee hawakucheka. Nadhani kila mmoja alijua anaona nini. Asubuhi Mikayi akatoka na jembe dogo, akachimba mashimo manne, akaweka nyamula ya mkebe niliomletea, akafukia kwa unyayo, akasema, "Haya, endeleeni," kama mtu anayewaruhusu watoto kwenda kucheza. Jua halijafika utosini boma lote lilikuwa shambani, na mkono wa mwisho kupanda haukuwa wa Mheshimiwa. Alipanda wa tatu, mahali pake.

Yaliyobaki ya mwaka huo ni ya kusimulia haraka. Aliitisha mkutano mwingine Rongo, ukumbini, wakaja wauza mbegu wa kampuni na wanasiasa wenzake. Akasema bado anataka anayepaka rangi afungwe, hapo hakurudi nyuma hata kidole. Lakini jirani kumpa au kumuuzia jirani mbegu ya mkono wake, mtu anayejulikana nyumba yake, hilo lisiwe kosa Kenya hii, na ataandika hivyo kwa mswada. Mwenzake mmoja wa tumbo kubwa akapaza sauti, "Mheshimiwa ameshindwa na mama yake." Ukumbi ukacheka. Yeye akasema, "Kweli. Na wewe ungekuwa na bahati ungeshindwa na wako." Mswada wenyewe ulienda Nairobi, na sijui ulilala kwa droo gani. Wale wa ukumbi hawakumsamehe, na uchaguzi ulipokuja kiti kilienda kwa yule wa tumbo. Mikebe yangu lakini haikuchukuliwa tena. Yule wa faili akipita sokoni alikuwa anageuza uso kwa leso za Salim, akizikagua kama anataka kushona gauni.

Tulipovuna mwaka huo, siku ya soko, Mheshimiwa alikuja. Hakuwa na dereva wala watu wa kumfungulia mlango. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, mkebe begani, kitambaa kimefungwa juu. Watu wengine hawakumtambua bila gari. Akautua mbele yangu.

"Mama amesema mkebe haurudi mtupu."

Nikafungua. Nyamula, mpya, njano kama kiini cha yai, na imewekwa mpaka kufurika, zaidi ya ile niliyotoa. Nikamsogezea gunia akae. Nikampa njugu za kuchemsha, akala na maganda akayatia mfukoni badala ya kutupa, sijui kwa nini hilo ndilo ninalolikumbuka. Salim akatoka kumsalimu, akatoka na kipande cha boksi na kalamu nene, makusudi, mzee yule.

"Karatasi ulipata?" Mheshimiwa akaniuliza.

"Bado."

Akachukua boksi, akaandika polepole, herufi kubwa, akanisomea kidole kikipita chini ya kila neno ili nifuate: NYAMULA YA MIKAYI. INATOKA KWA NYAR RUSINGA, RONGO, BARAZA YA SALIM. Akaichomeka kwenye mkebe. Boksi hilo bado ninalo, wino umekuwa kahawia, na mbegu iliyo nyuma yake bado ni ile ile, imepita mikononi mwa watoto wangu na wakaza mwana wangu, na iko Migori na iko Suna na iko kwa watu nisiowajua. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mimi mtu wa kuongea sasa, lakini mteja akaja akataka wimbi, nikawa napima kwa kopo la gorogoro, nikasema, "Mheshimiwa, ngoja kidogo."

"Pima tu," akasema. "Mimi nafika barabarani."

Akasimama, akapangusa suruali, akapita kati ya wauza ndizi, akamruka mbuzi aliyelala njiani, shati lake likachanganyika na mashati ya watu wengine. Nilimaliza kupima wimbi nikainua macho. Hakurudi tena sokoni.